Waliofagiwa

Sura ya Saba

Ukuta uliotenganisha nyumba ya Bibi Valda Tranter na ya Mzee Norm Kerslake ulikuwa wa mbao nyembamba na plasta, kama kuta zote za nyumba za serikali pale mtaani Norlane. Waliozijenga walihesabu gharama ya matofali, hawakuhesabu masikio. Sajenti Danica Marusic aliugonga mara moja kwa kifundo cha kidole. Mzee akaitikia kutoka upande wa pili kwamba mlango hauna kufuli, na cha kuiba hakuna.

Hakwenda upesi. Aliinama kwanza katika chumba cha kufulia, pale bibi alipokutwa, akaitoa bangili kwenye mfuko wa plastiki wa ushahidi na kuishika karibu na dirisha. Ilikuwa mpya, haijamaliza miezi miwili mkononi mwa mwenyewe. Lakini mpira wa kitufe chake ulikuwa umechanika mpaka chuma kikaonekana, na pembeni palikuwa na alama za kucha, zimepishana, kama mtu aliyekuwa anachimba.

Danica alikuwa mpelelezi wa polisi aliyeazimwa na ofisi ya mchunguzi wa vifo. Swali alilopewa lilikuwa moja: kwa nini mama wa miaka themanini na moja alale sakafuni kuanzia Jumamosi mchana hadi roho ilipomtoka usiku, nyonga imevunjika, mkononi ana bangili ya kuitia msaada, na msaada usije. Merrifold, kampuni yenye bangili, ilikuwa na majibu mawili, moja la mahakamani na moja la magazetini. Mahakamani ilisema kumbukumbu zinaonyesha sifuri, bibi hakubonyeza. Magazetini ikanong'ona kwamba kama alibonyeza, basi aliyefuta ni mchambuzi wao wa bidhaa, Dilshan Weerakkody, kijana ambaye jaribio lenye jina lake lilikuwa limechezea vitufe vya wateja. Gazeti likachapisha picha yake akitoa takataka nje. Kesho faili lingekwenda kwa waendesha mashtaka, na asipopatikana mwingine, jina la juu lingekuwa hilo.

Mji huu unaijua hiyo sarakasi. Kinu cha sufu kilipofungwa, aliyelaumiwa ni mwendesha mashine. Kiwanda cha magari kilipofungwa, walilaumiwa wafunga nati kwa kupenda mapumziko ya chai. Wenye kuamua hawajawahi kuwa na majina.

Mzee Kerslake alikuwa mezani na redio, kikombe na mkate wa kukaanga uliopoa. Alimtazama Danica kuanzia viatu kwenda juu.

"Walinitumia yule mnene wiki ile. Leo wameniletea mwembamba. Mkimaliza ukubwa wote mtaniacha nipumzike?"

"Yule mnene, Konstebo Hewson, ulimwambia hukusikia kitu."

"Nilimwambia hivyo."

"Nimeugonga ukuta sasa hivi kwa kidole kimoja, mzee. Umeitikia kabla sijauondoa."

Kerslake aligeuza kikombe chake, sikio la kikombe likaangalia kusini, kisha kaskazini. Aliporudi kusema, aliiambia redio. Jumamosi ile kulikuwa na mpira. Alisikia ti-ti-ti kutoka kwa Valda, akadhani ni ile maikrowevu yake, maana ilikuwa mbovu na bibi hakutaka kununua nyingine. Akaongeza sauti ya redio.

Danica hakumpa pole. Alimwuliza mlio wenyewe ulikuwaje, wa polepole au wa haraka.

"Wa haraka. Kama mtoto amepewa kengele ya baiskeli. Unanyamaza, unaanza tena. Mpaka nusu ya pili ya mchezo." Akasukuma sahani ya mkate pembeni. "Haya mabangili ni balaa, mwanangu. La kwangu asubuhi hii nimeligonga kwenye sinki bahati mbaya, likaanza kunihoji. Eti, una hakika unahitaji msaada? Nikaliambia, hata polisi huanza na habari za asubuhi."

Danica alitabasamu. Mlio wa haraka aliuandika. Habari ya sinki hakuiandika, na hilo lilikuwa kosa.

*

Dilshan Weerakkody alikaa kwa dada yake kule Corio, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kidogo, shati limepigwa pasi kama mtu anayekwenda kazini, na kazi hana. Aliweka chai, akaweka vipande vya keki ya nazi ambavyo hakuna aliyevigusa.

"Nieleze kazi yako," Danica alisema. "Lakini usinipe maneno ya ofisini. Nieleze kama unamweleza mama yangu. Alifuma mablanketi kinuni mpaka kinu kikamfukuza."

"Kinuni palikuwa na mtu wa kukagua kitambaa mwishoni?"

"Palikuwa."

"Mimi nakagua aliyekivaa. Anakivaaje, kinamkwaruza wapi, siku gani anakivua akakitupa kabatini. Wabunifu wanabuni, wauzaji wanauza, mimi natazama watu wanafanya nini na kitu chenyewe kikishafika nyumbani kwao. Kisha naenda kuwaambia wakubwa wasichotaka kusikia. Kompyuta ni jembe tu, Sajenti. Shamba ni watu."

"Na jaribio?"

Alivuta vikombe viwili. Wateja wa bangili, alieleza, waligawanywa nusu kwa nusu bila wenyewe kujua. Nusu waliachiwa kitufe cha zamani: unabonyeza, simu inaita kituoni. Nusu ya pili walibadilishiwa kwa mbali, kupitia mtandao: unabonyeza, bangili inalia ti, kisha inakuuliza kama una hakika, ukiwa na hakika, ubonyeze tena na ushikilie mpaka itetemeke. Nia ilikuwa kupunguza kengele za uongo, maana watu hubonyeza wakiosha vyombo, na kila simu inamtaka mhudumu.

"Wazo la nani?"

"La Callum Straughan, mkuu wa bidhaa. Mimi nilipewa nipime kama linafaa."

"Jina lako ndilo liko juu ya jaribio."

"Kwetu anayepima ndiye anayeandikwa. Mwenye wazo haandikwi mpaka lifanikiwe."

Danica aliiacha hiyo ipite, akaweka mezani kile alichokuwa amekificha tangu aingie. Jumapili usiku, alisema, wakati Bibi Valda bado yuko sakafuni na hakuna binadamu anayejua kwamba amekufa, akaunti ya Dilshan Weerakkody iliingia kwenye kumbukumbu za Merrifold. Baada ya hapo, kubonyeza kote kwa bibi hakukuonekana tena.

"Kwa hiyo ama ulijua amekufa kabla ya watu," alisema, "ama una ugonjwa wa kufuta vitu. Chagua."

Dilshan hakushtuka, na hilo ndilo lililomshtua Danica. Alicheka kicheko kikavu.

"Jumapili usiku nilikuwa hapa nakuna nazi ya dada. Aliyeingia ni programu. Niliiandika mwenyewe miaka mitatu iliyopita, inaingia kwa jina langu kila Jumapili. Inafagia."

"Inafagia nini?"

"Hakuna mchambuzi anayehesabu kabla ya kufagia. Mjukuu anachezea bangili ya bibi yake. Mbwa anaitafuna. Fundi anajaribu betri. Hao hubonyeza mara nyingi, upesi upesi. Mmoja tu anatosha kupotosha hesabu ya mtaa mzima. Kwa hiyo kuna kanuni: mtu akibonyeza mfululizo kupita kiasi, mtoe. Hafutwi. Anawekwa pembeni, jaani, mahali ambapo hakuna chati inayotazama."

Danica alitoa picha ya kitufe kilichochanika, akaiweka kati ya vikombe viwili.

"Mtu aliyevunjika nyonga," alisema polepole, "anabonyezaje?"

Nje gari la mzigo lilipita kwenda kwenye mitambo ya mafuta, vijiko vikatetemeka sahanini.

"Anagonga," Dilshan akasema. "Mwenye hofu habonyezi na kushikilia. Anagonga. Kwenye kitufe cha zamani hakuna shida, pigo la kwanza linapita na yaliyobaki ni kelele tu. Kwenye kipya kila ukigonga kinaanza upya. Kinalia ti, kabla hakijauliza umegonga tena, kinalia ti. Hupiti. Kadiri unavyoogopa ndivyo usivyopita." Alijifuta mdomo. "Na ukigonga sana, mimi nakufagia. Chati inaonyesha kengele zimepungua. Inapakwa kijani."

"Ulijua lini?"

"Kabla yake. Si kujua, niliona jaa linakua. Fagio ni lilelile, uchafu umekuwa maradufu, na wote unatoka upande mmoja wa jaribio, ule wa kitufe kipya. Mbwa hawawezi kuhamia upande mmoja. Nikasimama kikaoni nikaomba tuzime mpaka tupige simu nyumba kwa nyumba tujue ni nani hao. Straughan akasema hiyo ni hadithi, si takwimu. Kampuni inauzwa, mnunuzi yu njiani, chati iachwe kama ilivyo."

"Nani alisikia?"

"Meza nzima. Aliyekaa karibu nami ni Tamsin Gedge, fundi wa mfumo. Lakini wote wana kazi, Sajenti. Mimi ndiye nisiyekuwa nayo."

"Na wewe ukakaa kimya."

"Nikakaa," alisema Dilshan. "Walinikumbusha mkataba wa siri za kampuni, nikakaa. Nilijiambia nitaleta namba nzuri zaidi wiki ijayo. Wiki ijayo akafa." Akamimina chai ambayo haikuhitajika kumiminwa. "Angalau wamezima. Straughan aliapa mbele ya mchunguzi wa vifo kwamba kitufe kipya kilizimwa kwa wote siku ileile mwili ulipopatikana. Hilo tu ndilo linanipa usingizi."

Kalamu ya Danica ilisimama.

"Kile cha zamani, kinauliza chochote?"

"Hapana. Hakijafundishwa kuuliza."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyepima vyote viwili. Kwa nini?"

Danica alikuwa ameshasimama. Bibi Valda alikuwa na wiki tatu kaburini, na leo hii asubuhi, kwenye sinki la Norlane, bangili ilimwuliza Norm Kerslake kama ana hakika.

"Wateja ni wangapi?"

"Elfu tisa." Sasa Dilshan naye alikuwa amesimama, rangi imemtoka. "Nusu yao. Sajenti, nusu yao ni watu elfu nne na mia tano."

*

Mzee Kerslake alikataa kutoa bangili yake bure. Mke wake alishakufa, alisema, binti yake yuko mbali kule Perth, na jirani pekee aliyekuwa akimsikia kupitia ukuta ndiye waliyemzika. Akianguka leo atamgongea nani? Danica akampigia Hewson aje akae naye mpaka jioni. Konstebo alipoingia, akaujaza mlango, mzee akamkagua.

"Nimetoa bangili nimepewa ng'ombe," alisema. "Anajua kutengeneza chai?"

"Anajua," Danica alisema, akiivaa bangili mkononi mwake chini ya mkono wa koti. "Na akianguka yeye, usijaribu kumwinua."

*

Merrifold ilikuwa ndani ya ghala la zamani la sufu kando ya ghuba, lile lenye paa la meno ya msumeno. Babu wa nusu ya mji huu walipinda migongo mle wakibeba marobota ya sufu. Sasa matofali yamesuguliwa yang'ae, mashine ya kubania robota imewekwa mlangoni kama pambo, na wageni hupiga nayo picha. Wazee wa ghala walikuwa wakifagia sakafu kila jioni, na sufu iliyofagiwa ilipimwa ikauzwa, maana hata tajiri wa wakati ule, pamoja na unyang'anyi wake, alijua kwamba cha sakafuni nacho kimetoka kwa kondoo.

Callum Straughan alimpokea ghorofani, katika chumba cha vioo. Mwanamume mrefu, viatu vya michezo, meno mazuri. Pembeni alikaa mwanasheria wa kampuni, amenyooka kama aliyemeza mwiko. Mwisho wa meza alikuwa mwanamke wa nywele fupi na kompyuta yake. Alitajwa kuwa ni Tamsin Gedge, amekuja kusaidia kama kungekuwa na maswali ya kifundi. Hakuinua macho.

Ukuta mzima nyuma yao ulikuwa skrini. Juu yake namba kubwa ilionyesha simu za msaada zilizopokelewa leo, moja moja, kadiri zilivyoingia kituoni ghorofa ya chini. Chini yake mstari wa kijani ulishuka kutoka kushoto kwenda kulia: kengele za uongo, zimepungua kwa theluthi.

"Pazuri," Danica alisema.

"Tunajivunia. Kahawa?"

"Hapana. Nifafanulie tena, bwana Straughan, maana kesho naandika. Bibi Tranter alibonyeza mara ngapi?"

"Sifuri. Tumeshaapa hivyo."

"Sifuri kabla ya kufagia au baada?"

Mwanasheria aligeuza shingo. Straughan alitabasamu kidogo, kama mwalimu aliyegundua mwanafunzi amesoma mbele.

"Umeongea na Dilshan. Ni kijana mwenye uchungu, namwelewa. Kufagia ni kazi ya wachambuzi. Ni kanuni yake, kaiandika yeye, inaendeshwa kwa jina lake. Mimi sijawahi kufungua hilo jalala. Mimi natazama matokeo."

"Hata baada ya bibi kufa hukulifungua?"

"Ya nini? Ni takataka."

"Na alipokuomba kikaoni uzime?"

"Sikumbuki ombi la namna hiyo."

Danica alimtazama Tamsin Gedge. Tamsin alikuwa anatazama vidole vyake mwenyewe juu ya kibodi. Danica hakumwuliza. Aliandika jambo refu kwenye daftari, polepole, na jambo lenyewe lilikuwa orodha ya vitu vya kununua sokoni. Watu wenye meno mazuri hawavumilii kimya.

"Sikiliza, Sajenti," Straughan alisema. "Inasikitisha, kila kifo kinasikitisha. Lakini lazima tutumie akili. Jirani hakusikia hata ukelele. Tunaambiwa tuamini kwamba alikuwa anaita?"

"Jirani alisikia mlio wa bangili."

"Mlio ni mlio. Mtu anayegonga mara arobaini kama mtoto kwenye kengele ya mlango haiti msaada, huyo amechanganyikiwa, na hakuna kifaa duniani kinachoweza..."

Mkono wa mwanasheria ulikuwa umetua kwenye mkono wake wa shati. Alichelewa.

"Mimi sijataja arobaini," Danica alisema. "Jirani hakuhesabu, alikuwa na mpira. Daktari hajui. Dilshan mlimfungia milango ya kompyuta kabla hajaweza kutazama. Hiyo arobaini iko mahali pamoja tu, bwana. Kwenye jalala ambalo hujawahi kulifungua."

Mwanasheria akasema wangependa kusimamisha mahojiano.

"Simamisheni. Kabla hamjasimamisha, jambo moja dogo. Kitufe kipya kilizimwa lini?"

"Siku mwili ulipopatikana," mwanasheria akajibu yeye mwenyewe, kwa haraka ya mtu aliyefurahi kupata ardhi ngumu. "Imo katika kiapo."

Danica alipandisha mkono wa koti. Aliuweka mkono mezani, bangili juu, akabonyeza mara moja.

Bangili ikalia ti. Kisha ikauliza, kwa sauti ya kike iliyofunzwa upole: *Una hakika unahitaji msaada? Kama una hakika, bonyeza tena na ushikilie.*

Danica aliuacha mkono palepale mezani.

"Hii ni ya Norm Kerslake, miaka themanini na minne, jirani wa marehemu. Ukuta mmoja. Tuseme sasa mimi ndiye Norm. Nimeteleza bafuni, kichwa kimepiga sinki, nina damu jichoni." Akaanza kugonga. Hakugonga kwa ustaarabu. Aligonga kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayegonga mlango wa nyumba inayoungua, na macho yake hayakuwa kwenye bangili, yalikuwa kwenye skrini. Ti-ti-ti-ti-ti. Sauti ya upole haikupata nafasi hata ya kusema neno lake la kwanza. Ukutani namba kubwa ilisimama palepale. Aligonga mpaka gumba likawa jekundu, na watu wazima watatu katika chumba cha vioo wakasikiliza, na namba haikusogea.

"Hapo nimeshakufa," alisema. "Na mstari wenu umeshuka kidogo."

"Lazima niwasiliane na bodi," Straughan alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Mnunuzi anafika Jumatatu. Ukizima leo, jaribio zima linaharibika, miezi minne ya..."

"Sina hati ya kukulazimisha saa hii. Nikienda kuitafuta nitarudi jioni. Wewe unazo hizo saa, bwana. Sijui wateja wako kama wanazo."

"Nimesema nitawasiliana na..."

Kiti kilisukumwa nyuma. Tamsin Gedge alikuwa amesimama, kompyuta imelala wazi mkononi mwake kama sinia.

"Tamsin, keti."

"Dilshan alisema kwenye kikao," Tamsin alisema. Hakumwambia Straughan, alimwambia Danica. "Alisema mbwa hawawezi kuhamia upande mmoja. Callum akacheka. Mimi pia nilicheka." Vidole vyake vilikuwa vinatembea. "Kinazimwa kwa wote. Tayari."

Danica akabonyeza bangili ya Kerslake mara moja tu. Haikuuliza kitu. Namba ukutani ikaruka kwa moja, na kutoka mkononi mwake sauti ya mhudumu, mtu halisi mwenye mafua, ikasema habari za mchana mzee Kerslake, kuna tatizo? Danica akamweleza ni polisi, mzee yuko salama, amekaa na ng'ombe. Kisha akamgeukia mwanasheria.

"Faili la kesho litakwenda kesho. Jina la juu tu ndilo litakalobadilika."

Namba ikapanda tena. Chini, simu ikalia. Ikapanda tena.

"Haya, mnaona?" Straughan alisema, na uhai ukamrudia usoni. "Hizo ndizo nilizokuwa nazuia. Sufuria, wajukuu, mbwa. Kengele za uongo. Mtakesha nazo."

"Inawezekana," Danica alisema. Alivuta kiti, akakiweka mbele yake. "Keti hapa tuzisikilize zote. Ukinionyesha mbwa nitakuomba radhi."

Aliomba sauti ya kituo cha simu ifunguliwe chumbani. Tamsin akaifungua.

Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa mtaa wa Lara, akicheka: samahani mpenzi, nilikuwa naosha vyombo. Straughan akainua mikono kana kwamba kesi imekwisha. Ya pili ilikuwa ya mtoto, anapumua kwa nguvu na kuuliza kama hii ni simu ya bibi. Straughan akamtazama mwanasheria wake, akatabasamu kabisa.

Ya tatu ilianza kwa kimya. Mhudumu akasema halo mara mbili. Kisha sauti ya mwanamume ikaja, ya mbali, kama inatoka chini ya meza.

"Mmepokea?" ilisema. "Mmepokea kweli? Nabonyeza tangu chai ya asubuhi."

Mhudumu akamwuliza jina lake na mtaa. Danica akafungua ukurasa mpya, akaandika.

Straughan akaketi.